Kitabu kinasema D, diski inalia karibu na Eb: namna ya kuisoma partitura ya filamu ya katuni

Swali: Maalim, shikamoo. Napiga fidla katika kikundi cha taarab hapa Mombasa, na noti nasoma vizuri kiasi. Nimepata partitura nzima ya muziki wa filamu moja ya katuni, kitabu chenye ala zote za okestra, kurasa zaidi ya mia mbili, na diski ya filamu yenyewe ninayo. Kila nikisikiliza huku nafuata mstari wa fidla, napotea kabla sijafika ukurasa wa tatu. Tena kuna jambo linanitatiza: kitabu kinaonyesha kipande kiko D, lakini nikipiga D juu ya diski fidla yangu inabaki chini, na nikipiga Eb, nusu sauti juu ya D, inazidi. Saa ya simu nayo haikubaliani na muda ulioandikwa juu ya noti. Je, kitabu kina makosa? Na nianzie wapi ili nifaidike nacho? (Msomaji, Mji wa Kale)

Jibu: Marahaba. Kitabu hakina makosa, na sikio lako halina makosa. Mwenye kesi ni diski, kwa hiyo tumalizane nayo kwanza.

Filamu ya sinema huenda kwa fremu 24 kila sekunde, yaani picha 24 moja moja zinazopita mbele ya taa. Televisheni ya mfumo wa PAL, uliotumika Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, huenda kwa fremu 25. Ili filamu iingie kwenye diski ya PAL, njia iliyozoeleka ilikuwa rahisi mno: iachwe ikimbie, fremu 25 zipite mahali pa 24. Jicho halishtuki. Filamu ya dakika 100 inakwisha kwa dakika 96 na hakuna anayerudi dukani kulalamika. Lakini sauti ikikimbizwa hupanda, kama kaseti kwenye redio yenye mota ya haraka. Hapa inapanda kwa senti 71 hivi, na nusu sauti moja ni senti 100. Ndiyo maana D yako inabaki chini na Eb inazidi kwa senti 29. A ya 440 kwenye diski hiyo inalia 458.3. Na tukio lililoandikwa kitabuni kwamba liko kwenye dakika moja kamili, wewe utalikuta kwenye sekunde 57.6.

Usikisie, pima. Tafuta mahali okestra inaposhika sauti moja ndefu mwishoni mwa kipande, weka simu yenye programu ya kupimia sauti karibu na spika, utazame sindano. Ikiwa iko juu kwa senti 65 hadi 75, ni PAL. Ikiwa iko sawa lakini muda umepungua, basi waliotengeneza diski walikirudisha kimo cha sauti mahali pake wakauacha mwendo wa haraka. Diski za namna hiyo zipo. Kama una albamu ya muziki wa filamu hiyo, mambo ni mepesi zaidi: albamu haijapita kwenye televisheni, kwa hiyo kimo chake ndicho cha kweli.

Dawa yake ni kuitoa sauti ya diski na kuipunguza kasi. Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, tumia kile kifaa kinachobadili kasi na kimo kwa pamoja, sio kile cha kubadili mwendo peke yake, uandike -4.000. Wengi huandika -4.17 kwa kuwa wamesikia kwamba filamu iliongezwa asilimia 4.17. Hesabu ya kupanda si hesabu ya kushuka: 24 kwa 25 ni 0.96, basi unashuka asilimia 4 kamili. Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, weka kasi 0.96, lakini kwanza ingia kwenye mipangilio ya sauti uzime lile chaguo la kunyoosha sauti. Likiwa limewashwa, mwendo utashuka na kimo kitabaki kule kule juu, nawe utaona kama dawa haikufanya kazi. Filamu ya kwenye intaneti au Blu-ray haina tabu hii. Hiyo kwa kawaida huenda kwa fremu 23.976, tofauti ya moja kwa elfu, na baada ya dakika 10 utakuta saa imeachana na kitabu kwa sekunde 0.6 tu.

Usije ukakaza nyuzi za fidla kuifuata diski. Uzi wa E ndio utakaoanza kukatika.

Kuna fitina nyingine mbili za kimo ambazo hukuziuliza, ila zitakufikia. Ya kwanza ni ala zinazoandikwa sauti moja na kulia nyingine. Klarineti ya Bb ikisoma C hutoa Bb. Honi ya F ikisoma C hutoa F ya chini yake. Filimbi ya alto ikisoma C hutoa G ya chini. Partitura nyingi za filamu huandikwa zote kwa kimo cha kweli, na ukurasa wa kwanza husema hivyo, lakini nyingine hufuata desturi ya zamani. Usitegemee alama za ufunguo mwanzoni mwa mistari, kwa sababu muziki wa filamu mara nyingi huandikwa bila alama hizo kabisa. Kila shapu na flati (alama za kupandisha na kushusha noti nusu sauti) huwekwa mbele ya noti yake. Nenda kwenye sauti ya mwisho ya kipande. Ikiwa besi na fidla zimekaa kwenye D, tazama honi: ukizikuta kwenye A na klarineti kwenye E, kitabu kimegeuzwa kwa ajili ya wapigaji. Sauti hiyo moja ya mwisho haitoshi, kwa maana honi inaweza kweli kuwa inapiga A ndani ya D kubwa. Tafuta na mahali pengine ambapo klarineti inatembea bega kwa bega na fidla.

Ya pili ni oktavu, na hii haiondoki hata kitabu kikiwa cha kimo cha kweli. Pikolo, chelesta na zailofoni huandikwa oktavu moja chini ya zinapolia. Glokenspili huandikwa oktavu mbili chini. Besi kubwa huandikwa oktavu moja juu. Ukisahau la besi, utaona chelo na besi zimeandikwa noti zile zile udhani zinapiga pamoja, kumbe besi iko oktavu nzima chini yake, na huko ndiko unatoka ule uzito unaousikia kifuani.

Sasa hilo la kupotea.

Sikio lililolelewa na taarab limezoea lahani ikae mahali pamoja. Mwimbaji akimaliza mshororo, fidla na akodiani hujibu kwa pamoja, lahani ile ile, pengine kwa oktavu tofauti; besi na dumbaki ziko chini zikibeba. Ukiushika mstari wa fidla, umeushika wimbo. Katika okestra ya filamu mstari wa fidla unaweza kukaa vipimo thelathini bila lahani yoyote, ukitetemesha upinde juu ya noti mbili tu, wakati lahani imetoka kwa klarineti ikaenda kwa viola, ikapokewa na honi, ikaishia kwenye tarumbeta. Wewe unafuata fidla, kumbe lahani ilihama zamani. (Kipimo hapa ni kile kisanduku kati ya mistari miwili ya wima. Kwenye vitabu vya filamu namba yake huandikwa chini ya kila kimoja, kubwa, ili mwongozaji akisema “kutoka 41” mtu yeyote asitafute.)

Kwa hiyo usisome ala; soma kazi. Hata ukurasa uwe na mistari 32, kazi zinazofanyika kwa wakati mmoja hazizidi tano au sita: kuna lahani, kuna jibu la lahani, ile sauti ya pembeni inayoingia pale lahani inapovuta pumzi, kuna maelewano yanayojaza katikati, kuna besi, kuna mdundo unaosukuma, na kuna mapambo, yaani mikimbio ya filimbi, glisando (mburuto wa nyuzi) ya kinubi, vumbi la glokenspili. Ala kumi na mbili zinaweza kuwa zinafanya kazi moja. Ukurasa unaotisha ukiuhesabu kwa kazi unakuwa mambo manne.

Na mwimbaji ni nani? Picha. Hili ukilishika, nusu ya kitabu inajieleza yenyewe. Kama fidla za taarab zinavyonyamaza mwimbaji akiwa katikati ya mshororo na kujaza anapomaliza, ndivyo okestra inavyopungua mhusika anapozungumza na kujaa anaponyamaza. Ukikuta vipimo sita vyenye viola na chelo tu, kwa sauti ya chini, noti ndefu, sio kwamba mtunzi alichoka. Hapo kuna maneno. Mara nyingi ataepuka hata kimo kinacholingana na sauti ya anayezungumza: akiwa ni mwanamume wa sauti nzito, muziki utakuwa juu yake au chini kabisa, sio pale pale.

Katika katuni picha hiyo ni mwimbaji mkali kuliko wote, kwa sababu kila mwendo wake umehesabiwa fremu kwa fremu kabla haujachorwa. Tangu katuni zilipoanza kuwa na sauti, watunzi walipimia muziki kwa fremu. Carl Stalling, aliyeanza na Disney mwaka 1928 kisha akakaa Warner Bros. kuanzia 1936 hadi 1958, ni mmoja wa waliouzoesha ulimwengu huo kliki, ule mlio mkavu unaolia masikioni mwa wapigaji kila baada ya fremu kadhaa. Hesabu yake haijabadilika: dakika moja ina fremu 1,440, basi gawa 1,440 kwa fremu za pigo moja upate mapigo ya dakika. Fremu 24 ni mapigo 60, fremu 18 ni 80, fremu 16 ni 90, fremu 12 ni 120, fremu 10 ni 144, fremu 8 ni 180. Mhusika wa katuni anayetembea mwendo wa gwaride hutupa mguu kila baada ya fremu 12, hatua mbili kwa sekunde, na ndiyo sababu utakutana na 120 kila mahali. Mwendo wenye mkia, kama 115.2, huwa umetoka kwenye fremu 12 na nusu. Kliki ziligawanywa hadi sehemu ya nane ya fremu, kwa hiyo nambari ya ajabu juu ya noti haina ajabu ukiigeuza kuwa fremu.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Ni wa kutungwa kwa ajili ya jibu hili, ila umejengwa kama vinavyojengwa vya kweli. Kima ameiba embe, anakimbia juu ya mapaa. Embe linamponyoka, linaangukia sinia la shaba. Kuanzia anapochupa hadi sinia kulia ni fremu 350, yaani sekunde 14.58. Mtunzi amechagua kliki ya fremu 10, mapigo 144. Kipimo cha mapigo manne ni fremu 40. Vipimo vinane ni fremu 320. Zimebaki 30, nazo ni mapigo matatu. Ukifungua kitabu utakuta vipimo vinane vya 4/4, halafu cha tisa ghafla ni 3/4, na sinia linalia kwenye pigo la kwanza la kipimo cha kumi. Mwanafunzi huikodolea macho ile 3/4 akatafuta siri ya kimuziki ndani yake. Haina siri. Ni hesabu ya sinia. (Kwenye diski yako ya PAL sinia lingelia sekunde ya 14 kamili, na mapigo yangekuwa 150.)

Tazama sasa lahani inavyotembea. Vipimo vya 1 na 2 iko kwa klarineti ya kwanza peke yake; chini yake besi zinadonoa kwa kidole na basuni inapiga noti fupi fupi sawa nazo, ili ule mdono upate makali ambayo uzi peke yake hauna. Vipimo vya 3 na 4 lahani inapokewa na viola na honi mbili. Vipimo vya 5 na 6 ndipo fidla za kwanza zinapoipata, na filimbi iko oktavu moja juu yake. Vipimo vya 7 na 8 ni tarumbeta yenye kiziba mdomoni, na zailofoni inagonga noti zile zile. Kila vipimo viwili imepanda ngazi, kwa sababu kima naye anapanda paa juu ya paa. Wewe uliyekuwa umeganda kwenye fidla uliipata kwa vipimo viwili tu kati ya vinane.

Kipimo cha 9 ni mkimbio wa filimbi, pikolo na klarineti, noti nne kwa kila pigo, jumla noti 12 kwa sekunde moja na robo. Ukiangalia kwa makini utaona hakuna mpigaji aliyepewa zote 12 mkono mmoja. Filimbi ya kwanza inapiga za pigo la kwanza na kukomea kwenye noti ya kwanza ya pigo la pili. Filimbi ya pili inaanza kwenye noti hiyo hiyo na kuendelea. Ile noti moja wanayoipiga wote wawili ndiyo kifundo; bila hiyo utasikia pengo, kama kamba iliyounganishwa bila kufungwa. Pamoja nao kinubi kinaburuta nyuzi kwenda juu na matuazi yanaunguruma kwa vijiti laini kutoka kimya hadi nguvu. Kisha kipimo cha 10, pigo la kwanza: ngoma kubwa, timpani, tromboni, tuba, besi, na upatu. Baada ya hapo vipimo viwili vya ukimya mtupu. Usiviruke. Ukimya huo ni nafasi ya mlio wa sinia linalozunguka sakafuni na ya kicheko cha watazamaji. Mtunzi ameulipia kwa makusudi.

Sasa namna ya kukaa na kitabu chako. Usianze ukurasa wa kwanza kwenda mia mbili. Chagua kipande kimoja cha dakika moja na nusu hadi mbili na nusu, chenye maneno machache. Kitoe nakala kwa matumizi yako mwenyewe, kwenye karatasi ya A3, maana ikishushwa kuwa A4 mistari ya fidla na ya obo haitofautiani ukiwa na taa ya usiku. Kitabu chenyewe usikitie wino, na kama unakaa karibu na maji usikiache wazi dirishani. Hewa ya chumvi na unyevu wa Mombasa hupindisha karatasi nzuri ndani ya msimu mmoja.

Kabla hujafungua noti, tazama kipande hicho mara tatu na uandike kwa lugha ya kawaida kinachotokea kwenye picha, kila tukio na sekunde yake. Kisha sikiliza bila picha na bila noti. Mara ya tano ndipo ufungue nakala, na safari hiyo fuata besi na timpani tu, chini kabisa. Hazina haraka, hazihami, na zinakupa pigo la kwanza la karibu kila kipimo. Ukiweza kufika mwisho bila kupotea, rudi na penseli ya njano uipake lahani popote ilipo, hata ikiwa ni nusu kipimo. Nyekundu iwe ya mdundo, buluu ya besi, kijani ya mapambo. Maelewano yaache meupe. Utakapomaliza utaona njia ya njano inapanda na kushuka ukurasani kama njia za Mji wa Kale, na utajua kwa jicho tu ni familia gani ya ala inayopendelewa na mtunzi wako.

Halafu fanya kazi ambayo wengi huikwepa: andika muhtasari wa noti kwenye mistari minne au mitano, kazi moja kila mstari, kwa kimo cha kweli, na pembeni utaje ala zinazoifanya. Vipimo vinane kwa jioni moja vinatosha. Hapa ndipo makosa ya kugeuza yanapojitokeza: ukipata sauti mbili zinazogombana kwa sauti nzima, umesahau kugeuza klarineti, ukipata honi zinazolia juu ya tarumbeta bila sababu, umehesabu kwenda juu badala ya kwenda chini. Ukishamaliza, funika nakala na ujaribu kuugeuza muhtasari wako kuwa okestra tena, bila kuchungulia. Linganisha. Tofauti kati ya ulichoandika wewe na alichoandika yeye ndilo somo lenyewe. Mara nyingi utakuta wewe ulimpa kila mtu kazi, na yeye amewanyamazisha nusu.

Unapolinganisha, angalia hasa ala zilizofungwa pamoja kwenye lahani. Honi nne na chelo kwenye noti zile zile hutoa sauti pana yenye joto, isiyo honi wala chelo. Ndiyo sauti ya ushujaa katika filamu nyingi. Glokenspili juu ya filimbi hutia mng'aro mwanzoni mwa noti. Zailofoni hutia ukavu na kichekesho. Obo peke yake ni binamu wa nzumari yetu kwa ulimi wake wa matete mawili, ila imefugwa ikatulia. Mtunzi huiita panapotakiwa upweke.

Lakini usiamini kila unachokisikia. Okestra ya filamu mara nyingi hurekodiwa kwa mafungu: nyuzi leo, shaba kesho, kwaya siku nyingine, kisha zinachanganywa kwenye meza ya fundi wa sauti. Filimbi ya chini inaweza kusikika wazi juu ya nyuzi sitini kwa sababu tu mikrofoni yake imepandishwa. Jukwaani ingezama. Kanuni ya zamani (sheria, si ala) ni kwamba kwenye sauti kubwa tarumbeta moja hulingana na honi mbili, na honi moja hulingana na ala mbili za familia ya filimbi. Ikiwa kitabu kinaivunja kanuni hiyo na bado rekodi inasikika vizuri, mkono wa fundi mitambo upo hapo. Vilevile kuna milio ya kompyuta na ngoma zilizotayarishwa kabla, ambazo pengine kitabuni zimewekewa mstari mmoja wa kujikumbusha au hazimo kabisa. Ukisikia ngoma nzito usiyoiona, usijilaumu.

Na ukikuta diski imeruka kutoka kipimo cha 40 hadi cha 49, usichane nakala. Filamu hukatwa tena baada ya muziki kurekodiwa, na mhariri wa muziki hukata kufuata picha. Alama kama 3M14 juu ya ukurasa inasema rili (gurudumu la mkanda wa filamu) ya tatu, kipande cha 14. Ikifuatwa na R, ALT au namba ya toleo, ujue kipande kiliandikwa zaidi ya mara moja, na kilicho kitabuni huenda si kile kilicho kwenye filamu. Albamu nayo huunganisha vipande viwili au vitatu kuwa wimbo mmoja. Kwa hiyo weka vyote vitatu mezani, kitabu, filamu na albamu, na muda ukigoma kabisa anza kwa kuuliza kama ni mkato.

Mwisho ni kuipigisha. Una fidla, akodiani, udi, kanuni, besi na dumbaki. Vinatosha kabisa kwa vipimo kumi vya ule muhtasari. Besi na udi vichukue mdono wa basuni na besi kubwa. Akodiani ipe maelewano, kwa sauti ya chini na bila mkono wa kushoto, la sivyo itameza kila kitu. Lahani ianze kwa fidla moja, ya pili iingie kwenye kipimo cha 5 oktavu moja juu. Kanuni ibebe mkimbio wa kipimo cha 9, lakini kabla ya zoezi mpigaji atazame vile vyuma vidogo vya kupandishia nyuzi: ikiwa ameiacha kwenye makamu ya rasti, E na B zake ziko robo sauti chini, na katika D kubwa zitasikika kama makosa ya fidla yako. Sinia la shaba kwa kipimo cha 10 halikosekani nyumbani. Atakayewasumbua ni wa dumbaki, kwa sababu mkono wake utaongeza pigo la nne kwenye kile kipimo cha 3/4 hata akiapa kwamba hakuongeza. Msimwambie ahesabu tatu. Mwandikieni vipimo vya 8 na 9 kama mzunguko mmoja wa mapigo saba, aukariri kwa mdomo kwanza, kisha ndipo ashike ngoma.